Kabla hujafungua hedi, angalia mfuniko wa rejeta

Gari langu lilikuwa linapoteza maji, na kila fundi niliyempelekea alikuwa na jibu la laki kadhaa. Wa kwanza alisema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua. Mwingine alisema wota pampu inavuja kidogo kidogo gari likiwa njiani, maji yanakaushwa na upepo, ndiyo maana hatuoni tone likidondoka. Wa tatu hakutaka maneno mengi, alitaka kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, aitupe. "Dada, hizi zimewekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Huku kwetu hazina kazi." Alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyofunika masikio, kwa sababu ilikuwa Julai na tulikuwa Mbeya.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster ya mwaka 1992, ile ya viti viwili ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Eunos. Injini ni ya cc 1,600, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, paa ni turubai la kukunja, na taa za mbele zinachomoza ukiwasha na kulala ukizima. Watoto wa mtaani kwetu Forest wanaliita Chura. Nililinunua Iringa kwa mtu aliyekuwa anahamia Dar es Salaam, na tangu hapo ndugu zangu hawachoki kuniuliza: litabeba nini? Halibebi gunia la viazi. Halibebi mkungu wa ndizi na abiria kwa pamoja. Shangazi yangu alipanda kwa furaha, kushuka ndiyo ikawa kazi, mpaka tukamvuta mikono miwili. Sina utetezi. Nalipenda tu, na barabara za huku, zenye kona na milima, zinalipenda pia.

Turudi kwenye maji. Kila nilipotoka mlimani na kufungua boneti nilikuta unyevu kuzunguka shingo ya rejeta, na chini yake michirizi ya kijani iliyokauka ikabaki unga unga. Harufu tamu tamu ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ilikuwa inaingia hadi ndani. Rizevu, kile kidumu cheupe cha pembeni, ilikuwa imejaa kupita mstari wa juu. Asubuhi yake, gari likiwa limepoa usiku kucha, rizevu ilikuwa bado imejaa vilevile, lakini ukifungua rejeta, maji yameshuka hadi huyaoni. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo mafundi wote watatu niliwaeleza na wote watatu wakalipuuza: mpira wa juu wa maji, ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, asubuhi nilikuwa naukuta umebonyea, kuta zake zimekaribia kugusana.

Kwenye tambarare mshale wa joto ulikaa mahali pake. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, pale barabara inapopanda kwenda Isyonje, ulianza kusogea. Haukufika kwenye nyekundu, ila ulinifanya niendeshe nikiangalia dashibodi kuliko barabara.

Aliyenitoa kwenye mtego wa gasketi ni mzee mmoja wa Ilomba aliyetengeneza malori ya Dar es Salaam na Tunduma tangu ujana wake, sasa anafanyia kazi uani kwake, na anapokea gari pale tu anapojisikia. Nilimsalimu, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Haka kagari kanakusumbua nini?" Nikamweleza kila kitu, pamoja na mpira uliobonyea. Mwenzake yeyote angeshachukua spana. Yeye aliuliza tu nimezaliwa wapi. Nikamwambia Kyela.

"Kyela na hapa mjini, wapi maharage yanachelewa kuiva?"

Kila aliyehamia Mbeya kutoka bondeni anajua jibu. Maharage yaleyale, sufuria ileile, huku unaongeza mkaa na bado yanakuangalia. Mama yangu alipokuja kunitembelea kwa mara ya kwanza aliamini nimeuziwa maharage ya zamani. Sababu ni mwinuko. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kyela, iliyo kwenye mita 500 hivi juu ya bahari karibu na Ziwa Nyasa, yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, kwa hiyo yanageuka mvuke mapema kabla hayajapata joto la kutosha kuivisha. Ukipanda barabara ya Chunya kupitia Kawetire unavuka mita 2,400, na huko maji matupu yatachemka kwenye nyuzi 92 hivi.

Mzee hakuzitaja hizo nyuzi, hizo nilizitafuta mwenyewe jioni. Yeye alisema tu kwamba injini iliyotengenezwa Japani haijui kama iko Kyela au Mbeya, kinachojua ni mfuniko wa rejeta. Nilipoweka tarakimu kwenye karatasi ndipo nikaelewa alichokuwa anasema. Feni ya rejeta ya Roadster hii imewekwa iwake maji yanapofika karibu nyuzi 97. Sasa chukua maji matupu yasiyo na presha, hapa mjini: yanachemka kwenye 94. Yaani yatakuwa yanatokota kabla feni haijapata sababu ya kuwaka. Wale wahandisi wa Hiroshima hawakukosea hesabu. Waliikamilisha hesabu yao kwa kifaa kidogo cha bati na raba ambacho mimi na mafundi watatu tulikuwa tunakiona ni kifuniko cha kuzuia maji yasimwagike.

Mfuniko wa rejeta unafanya kazi ya sufuria ya presha. Wangu umeandikwa 0.9 juu, maana yake unashikilia presha hadi kilo 0.9 kwa kila sentimita moja ya mraba, juu ya ile ya hewa iliyopo nje. Hiyo ni karibu sawa na kuongeza mzigo mwingine wa hewa kama ule wa pwani juu ya maji yako. Ukiwa na mfuniko mzima hapa Mbeya, maji matupu yatavumilia hadi nyuzi 115 hivi ndipo yachemke. Pwani yangefika karibu 119. Ukichanganya na kulanti nusu kwa nusu unaongeza nyuzi kadhaa tena. Kwa hiyo kati ya gari linalotembea kwa raha na gari linalosimama Isyonje limefunguliwa boneti, tofauti ya zaidi ya nyuzi 20 imebebwa na mfuniko peke yake. Na kwa sababu huku tunaanzia chini, kwenye 94 badala ya 100, mfuniko uliochoka utavumilika zaidi Dar es Salaam kuliko Mbeya. Yule aliyeniuzia pengine hakuliona tatizo kwa sababu mizunguko yake ilikuwa ya mjini Iringa, ofisini na nyumbani, bila kupanda mlima mrefu.

Ndani ya mfuniko kuna vitu vitatu vya kuangalia, na wangu ulikuwa umekufa kwenye vyote. Kuna springi inayokandamiza raba kubwa ya chini kwenye ukingo wa ndani wa shingo ya rejeta. Presha ikizidi kipimo, springi inasalimu amri, maji kidogo yanapita kwenda kwenye rizevu kwa kimpira chembamba. Springi ikichoka, inasalimu amri mapema, na maji yanakimbilia rizevu kabla ya wakati. Ndiyo maana rizevu yangu ilikuwa imejaa.

Katikati ya ile raba kubwa kuna valvu ndogo, kama sarafu ndogo, inayofunguka upande wa pili. Injini ikipoa, maji yanasinyaa, rejeta inavuta, na valvu hii inafunguka ili maji yarudi kutoka kwenye rizevu. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu. Rejeta ilikuwa inavuta usiku kucha bila kupata kitu, na kwa kuwa lazima kitu kilegee, mpira wa juu ukalegea ukabonyea. Mfuniko ungekuwa mzima, mpira ungekuwa mviringo kila asubuhi na rizevu ingeshuka hadi kwenye mstari wake.

Cha tatu ni raba ya juu kabisa, ile inayogusa mdomo wa shingo. Hii haishiki presha kubwa, ila inahakikisha kinachopita kinapita kwenye kimpira cha rizevu peke yake. Ikikakamaa na kupasuka, maji yanatoka pembeni ya mfuniko, na rejeta ikivuta inavuta hewa badala ya maji. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wanaangalia rizevu, wanaiona imejaa, wanafunga boneti na kwenda zao Makambako, kumbe rejeta iko nusu. Rizevu inakuambia ukweli pale tu mfuniko unapofanya kazi.

Mzee ana pampu ya mkono yenye geji, ya kupimia presha. Aliufunga mfuniko wangu kwenye kile kipande cha kuungia akapiga pampu. Mshale ulifika kama nusu ya 0.9 ukaanza kurudi, huku raba inapiga mluzi. Kisha akaifunga pampu moja kwa moja kwenye shingo ya rejeta, injini ikiwa baridi, akapandisha hadi 0.9 na kuniambia nikakae kwenye kiti ninywe chai. Mshale haukusogea. Maana yake rejeta, mipira, pampu ya maji na gasketi vyote vilikuwa vinashika. Kwa uhakika zaidi alichomoa kijiti cha oili akakifuta kwenye kitambaa cheupe: hakuna rangi ya maziwa. Akawasha injini rejeta ikiwa wazi na bado baridi, akatazama kama mapovu yanatoka mfululizo: hakuna. Akanusa na kutazama bomba la moshi: hakuna moshi mweupe usioisha wala harufu ya kulanti. Kufungua hedi ya gari bila kufanya hata kimoja kati ya hivi ni ubahili wa dakika kumi na ukarimu wa fedha za mteja. Sisemi gasketi haziungui. Zinaungua, na nyingine zinaungua kwa sababu mtu aliendesha muda mrefu na mfuniko mbovu.

Roadster ina udhaifu wake kwenye jambo hili. Injini yake imetoka kwenye ukoo wa injini za magari madogo ya Mazda yanayovutwa na magurudumu ya mbele, zile zinazolala kiubavu. Walipoisimamisha kwa urefu ndani ya Roadster, maji yanaingilia mbele na kutokea mbele. Silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa karibu na miguu yako, ndiyo inayopata maji machache na ndiyo inayopata joto zaidi. Kwa hiyo mshale ukisogea kidogo, nyuma kule hali inaweza kuwa mbaya kuliko unavyoonyeshwa. Hili lilinifanya nisikubali pia kutoa themostati. Ukiitoa, maji yanazunguka ovyo, injini haipati joto lake asubuhi za Julai, inakunywa petroli, oili inabaki nzito, na tatizo la mfuniko linabaki palepale.

Kununua mfuniko kulinichukua muda kuliko kuufunga. Nilienda Mwanjelwa na mfuniko wa zamani mkononi, na hilo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza: usiende na jina la gari tu, nenda na kifaa. Mifuniko ya magari ya Kijapani ina saizi mbili za mdomo, mdogo na mkubwa, na hata kwenye saizi moja kina cha springi kinatofautiana. Mfuniko mfupi utafungika vizuri kabisa kwa nje lakini raba yake ya chini haitafika kwenye ukingo, na utakuwa umenunua pambo. Nililinganisha kwa kuiweka miwili kifudifudi juu ya kaunta, jicho likiwa usawa wa meza.

Kijana wa duka alinipokea vizuri, "Karibu sista," akanimwagia mifuniko mezani. Nilikuwa navuta ile valvu ndogo kwa ukucha. Nzima inavutika kidogo na kurudi yenyewe. Baadhi ya alizonionyesha valvu ilikuwa ni alama tu iliyogongwa kwenye bati, haivutiki kwa ukucha wala kwa koleo. Hiyo ilikuwa na rangi nzuri kuliko zote na stika ya kung'aa. Nyingine raba yake ilikuwa ngumu tayari, imekaa kwenye jua la dirishani miezi. Nilipomwambia nataka 0.9 alishangaa. "Sista, kama gari inachemsha chukua hii ya 1.3, wenye magari ya spoti wote wanachukua hii. Haitachemsha tena maisha."

Ni kweli mfuniko wa 1.3 unapandisha nyuzi za kuchemka. Lakini presha hiyo haiishii kwenye mfuniko. Inakwenda kwenye kila mpira, kila klipu, kwenye rejeta ndogo ya hita iliyojificha nyuma ya dashibodi, na kwenye tanki la juu la rejeta ambalo kwenye gari hili ni plastiki ya tangu 1992. Kitu kilichoishi miaka 30 na presha ya 0.9 hukipi 1.3 uzeeni. Kikipasuka, kinapasuka mlimani, kwa sababu huko ndiko presha inakopanda. Mfuniko wenye nguvu kupita kipimo unaweza kukuharibia gari kuliko uliochoka. Mtumba pia niliukataa, ingawa ulikuwa orijino na bei yake ndogo. Springi na raba ndizo ninazonunua, na hizo ndizo mwenyewe wa kwanza alikwisha kuzitumia.

Nilipata wa 0.9, raba laini, valvu inayocheza, kwa shilingi 15,000. Fundi wa gasketi alikuwa ametaja 450,000, ya mkono tu, spea mbali.

Kabla ya kuufunga nilisafisha shingo ya rejeta. Ule ukingo wa ndani inapokaa raba ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, kwa sababu gari lilikuwa limejazwa maji ya bomba na ya visima kwa miaka. Raba mpya juu ya ukoko itavuja sawasawa na ya zamani. Nilitumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kipande cha plastiki cha kukwangulia. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo ambayo presha itaipata. Pia niliangalia zile ndimi mbili za shingo ambazo mfuniko unazishika, kama hazijapinda, na kimpira cha kwenda rizevu kama hakijaziba wala kupasuka. Kimpira kilichopasuka kinavuta hewa, na utalaumu mfuniko mpya bure.

Niliongeza kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale matupu, si asidi. Mfumo mzima wa gari hili unachukua lita 6 hivi. Watu huku wanajaza maji matupu wakisema kulanti ni ya nchi za baridi, kana kwamba hawajawahi kupita Kitulo au Makete mwezi wa sita na kukuta umande umeganda juu ya majani. Viazi vya Uyole vinaungua kwa baridi baadhi ya miaka. Lakini hata mtu asiyeondoka Kyela maisha yake yote anaihitaji, kwa ajili ya kutu. Bloku ya injini hii ni chuma, hedi ni alumini, na maji matupu yanavila vyote viwili taratibu. Ile kutu iliyogandisha valvu yangu ilitoka humo humo. Usinunue kwa rangi tu, kwani rangi ni rangi, kijani inaweza kuwekwa kwenye maji matupu pia.

Hewa ilinisumbua kidogo. Mtaa wetu una mwinuko, kwa hiyo nililiegesha pua ikiangalia juu ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko kila kitu, nikaweka hita kwenye joto kali, nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi. Unasubiri. Maji yanatulia, kisha themostati inafunguka, maji yanashuka ghafla na mapovu yanatoka. Unaongeza, unaminya mpira wa juu kwa mkono, mapovu mengine, unaongeza tena. Yakitulia ndipo unafunga: kandamiza, zungusha hadi ngazi ya kwanza, kandamiza tena, zungusha hadi mwisho. Watu wengi wanaishia kwenye ngazi ya kwanza wakidhani umefungwa.

Ngazi hiyo ya kwanza imewaunguza wengi pia kwa upande wa kufungua. Pale Kitonga, malori yanapopumzika baada ya kupanda, nilimwona utingo akifungua rejeta ya moto kwa fulana yake, akiamini kwamba akilegeza nusu mvuke utatoka polepole. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa kwenye nyuzi 110 au zaidi, yametulia kwa sababu tu ya presha. Presha ikiondoka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na kinachobaki kinarushwa nje pamoja nao. Alipata kifua na shingo. Gari likichemsha, zima, kaa mbali, nunua mahindi ya kuchoma, na usirudi hadi uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja na kuuminya bila kuruka.

Jaribio la kwanza lilikuwa barabara ya Tukuyu. Nilishuka Kiwira, nikazunguka, nikarudi kupanda Isyonje nyuma ya fuso la ndizi lililokuwa linakwenda kwa kasi ya mtu anayetembea. Hakuna mtihani mbaya kuliko huo, kwani rejeta haipati upepo. Nilisikia feni ikiwaka, ikazima, ikawaka. Mshale ulikaa. Asubuhi nilitoka na khanga kabla ya chai kwenda kuangalia mpira wa juu. Mviringo. Rizevu ilikuwa imeshuka hadi kwenye mstari. Baadaye nililipeleka barabara ya Chunya hadi juu, pale watu wanaposimama kupiga picha za bonde la Usangu, na hadithi ikawa ileile.

Mzee wa Ilomba alikataa hela. Nilimpelekea mchele wa Kyela, akaupokea kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimeangalia tanki la rejeta. Nilikuwa nimeliangalia. Rejeta za Roadster za kizazi hiki zina tabia moja: tanki la juu linatoka kiwandani jeusi, na plastiki inapochoka inageuka kahawia, kisha inakaribia khaki. Langu limeshafika kahawia. Mfuniko mpya unashika presha ambayo ule wa zamani ulikuwa haushiki, kwa hiyo sasa plastiki hiyo inabeba mzigo wake kamili kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nimeagiza rejeta nyingine Dar es Salaam, itapakiwa kwenye basi wiki ijayo. Ikifika, mfuniko nitauhamishia huko, baada ya kupima kina cha shingo yake kwanza.